Kuvua trauti kwa nzi wa manyoya wakati wa vuli: jibu kwa kijana wa Bagira

Swali: Jambo sana Mwalimu. Mimi ni kijana wa Bagira, hapa Bukavu. Mwisho wa mwezi wa nane nasafiri kwenda kwa dada yangu Missoula, jimbo la Montana, Marekani, alikopokelewa na familia yake kama wakimbizi. Wenzake wa kazini huenda milimani kuvua samaki aitwaye trauti mwezi wa tisa na wa kumi, na wamesema watanichukua. Dada ananiambia badala ya mnyoo wanatumia nzi bandia wa manyoya, wanasimama ndani ya maji ya baridi, na wakishika samaki wanamrudisha mtoni! Mimi nimekulia kando ya ziwa, na ndoano na mnyoo. Nijifunze nini kabla ya kwenda? Wale samaki wa baharini waitwao salmoni, wanaopanda milima kwenda kufa, nitawaona? Na hao trauti, haiwezekani tukawaleta kwenye mito yetu inayotoka Kahuzi?

Jibu: Mdogo wangu, nimefurahi umeuliza kabla ya kusafiri, maana jambo la kwanza unalopaswa kulijua ni lile ambalo wenyeji wako huenda wasikumbuke kukuambia, kwa kuwa wao wamekua nalo. Vuli ya kule, yaani mwezi wa tisa hadi wa kumi na moja majani yanapogeuka manjano na kupukutika, ndiyo wakati mzuri kuliko wote wa kuvua katika mito ya milimani. Na ni wakati huohuo ambapo baadhi ya samaki wa mito hiyo wanataga mayai na hawapaswi kuguswa. Kurusha uzi utafundishwa, nzi utapewa, viatu utaazimwa. Lakini mtu asiyeweza kumtofautisha samaki anayekula na samaki anayetaga hana kazi mtoni mwezi wa kumi, hata akiwa na vifaa vya bei kubwa. Sehemu kubwa ya jibu langu inazunguka hapo.

Tuanze na maji. Trauti ni samaki wa baridi. Anakula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 za Selsiasi. Yakipita 20 anaanza kuteseka, kwa sababu maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na wakati huohuo mwili wake unahitaji oksijeni zaidi. Kule Montana theluji ya milimani huyeyuka mwezi wa tano na wa sita, mito ikafurika. Kufikia mwezi wa saba na wa nane maji yamepungua na jua linayapasha moto. Mto ukifika nyuzi 23 hivi kwa siku tatu mfululizo, idara ya jimbo inayosimamia samaki na wanyamapori hupiga marufuku kuvua kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku, ili samaki wapate nafuu. Mwezi wa tisa usiku unarefuka, baridi inashuka kutoka vileleni, na mto unarudi kwenye hali inayowafaa. Samaki waliokuwa wamejificha kwenye vina kiangazi chote wanaanza kula tena, maana kipupwe kinakuja na chakula kitakuwa haba.

Hii inabadilisha hata saa za kazi. Wavuvi wetu wa sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, hutoka usiku na taa zao, na wanajua kwamba mbalamwezi ikiwa kali mavuno hupungua. Mvuvi wa trauti wa kiangazi huamka alfajiri. Wa vuli hana haraka: maji ya asubuhi ni baridi mno, wadudu hawajaamka, samaki yuko chini kabisa. Saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni ndizo saa zenyewe. Wakikuambia mtaondoka nyumbani saa tatu, usiwadhanie wavivu.

Sasa hao nzi. Ni ndoano ndogo iliyofungwa kwa uzi, manyoya ya ndege na nywele za wanyama mpaka ifanane na mdudu au samaki mdogo. Si uvumbuzi wa Wamarekani. Mwandishi mmoja wa dola ya Kirumi, mnamo mwaka 200 hivi, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyozungushia ndoano sufu nyekundu na kuongezea manyoya ya jogoo, wakavua samaki wenye madoa waliokuwa wakikamata wadudu juu ya mto. Sababu yao ilikuwa ileile ya leo: samaki wa kijito cha mlimani huishi sana kwa wadudu, na mdudu halisi ni laini na mdogo mno kukaa kwenye ndoano. Na wewe na mnyoo wako, tahadhari: sehemu kadhaa za mito ile zinaruhusu vyambo bandia peke yake. Soma kijitabu cha sheria cha mto unaokwenda, maana kila mto una masharti yake, na wakati mwingine kipande kimoja cha mto kina sheria tofauti na kipande cha jirani.

Kurusha ndiko kunakowashangaza watu. Kwa ndoano tuliyoizoea, risasi au jiwe ndilo linalobeba uzi kwenda mbali. Nzi wa manyoya hana uzito wowote, kwa hiyo mambo yamegeuzwa: uzi wenyewe ndio mnene na mzito, na ndio unaombeba nzi. Unaurusha nyuma yako, unasubiri unyooke hewani, kisha unaurudisha mbele, na ufito unapinda na kuusukuma. Mkono hufanya kazi kama wa mchungaji anayepiga mjeledi, ila hapa mlio ukisikika ujue umeharakisha, na mara nyingi nzi amekatika. Kule kusubiri kwa nyuma ndiko kugumu. Vijana wenye nguvu huchelewa kujifunza kuliko watoto na mabibi, kwa sababu wanataka kulazimisha. Mbele ya uzi mnene hufungwa uzi mwembamba usioonekana, wa mita mbili na nusu au tatu, unaopungua unene hadi kwenye nzi. Ufito wa kawaida wa trauti una urefu wa futi 9, yaani karibu mita 2.7, na uzi wa namba 5. Usinunue chochote kwanza, azima. Kabla hujaondoka, chukua kamba nyepesi na ufito wa mwanzi, simama kwenye uwanja wa mpira, ujizoeze ule mdundo wa nyuma, kusubiri, mbele.

Lakini kurusha mbali si ufundi wenyewe. Katika vijito vya milimani samaki wengi hukamatwa umbali wa hatua kumi au chini ya hapo. Ufundi ni kujua anakula nini na kumpelekea chakula hicho jinsi mto unavyokipeleka.

Trauti hupata sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji. Wadudu wengi wa mtoni huishi miezi, wengine zaidi ya mwaka, wakiwa tunutu chini ya mawe, kisha siku moja wanapanda juu, wanapata mbawa, wanazaa na kufa. Inua jiwe ukifika, ligeuze utazame, kisha ulirudishe lilivyokuwa. Utakuta tunutu bapa wenye mikia miwili au mitatu, na wengine waliojijengea vibomba vya mchanga na vijiti. Hao wa vibomba ni kadisi. Kuna mmoja mkubwa wa rangi ya machungwa ambaye wavuvi wa kule wamempa jina la mwezi wa kumi, kwa kuwa ndipo anapotoka na mbawa zake. Akianza kuruka juu ya mto jioni, hata samaki wakubwa hupanda kumtazama.

Mdudu wa vuli ninayemthamini zaidi lakini ni mdogo sana: efemera wa rangi ya zeituni mwenye mbawa za kijivu zilizosimama wima mgongoni, urefu wake kama punje ya mchele au pungufu. Huyu hupenda siku mbaya. Siku ya mawingu, manyunyu, ubaridi unaopenya kwenye koti, siku ambayo mtu wa Bukavu angebaki jikoni karibu na makaa, ndiyo siku yake. Mbawa zake hukauka polepole kwenye hewa yenye unyevu, anabaki juu ya maji muda mrefu, na trauti wanapanga foleni kumnyonya bila kelele. Utaona duara ndogo tu juu ya maji, na usipojua utadhani ni tone la mvua. Mwambie mwenyeji wako akuonyeshe hizo duara siku ya kwanza, kabla hata ya kukupa ufito.

Kosa la kila mgeni, na la wenyeji wengi pia, ni hili: nzi anatua vizuri, halafu uzi unakamatwa na mkondo wa kasi na kumburuta. Mdudu halisi haburutwi; anakwenda kwa mwendo wa maji yanayomzunguka. Trauti akiona nzi anakata maji na kuacha mkia nyuma yake, hamgusi. Ndiyo maana utawaona wanainua ncha ya ufito na kuutupa uzi upande wa juu wa mto mara nzi anapotua: wanampa muda wa kuelea huru. Kuelea vizuri kwa mita mbili kuna faida kuliko kurusha mita ishirini.

Na wapi? Samaki hukaa kichwa kikielekea maji yanakotoka, kwa hiyo mwendee kwa nyuma, polepole, bila kivuli chako kumpita. Hataki kupambana na mkondo mkali siku nzima, lakini anataka mkondo umletee chakula. Basi mtafute pale maji ya kasi yanapokutana na maji ya polepole, nyuma ya jiwe kubwa na mbele yake pia, chini ya ukingo uliochimbika, mwanzoni mwa kina maji yanapoporomoka kutoka kwenye changarawe. Mtu aliyekulia Kivu akitazama upepo juu ya ziwa ana macho tayari kwa kazi hii. Huna haja ya kuanza sifuri.

Mito utakayosikia ikitajwa ni Clark Fork, unaopita katikati ya Missoula, Bitterroot, Blackfoot na Rock Creek. Huo Clark Fork una habari ambayo mtu wa nchi ya migodi anapaswa kuijua. Mwaka 1908 lilijengwa bwawa la Milltown juu kidogo ya mji, na kwa miongo mingi tope lenye arseniki na shaba kutoka migodi ya Butte lilijaa nyuma yake. Visima vya watu viliingia sumu. Mwaka 2008 bwawa lilibomolewa, mamilioni ya tani za tope yakachimbwa na kupelekwa kwingine, na mito miwili iliyokuwa imezibwa, Blackfoot na Clark Fork, ikakutana tena bila ukuta. Wenzetu wa Katanga wanaoangalia mto wao wa Lufira wangefaa kuutembelea Clark Fork.

Sasa nifike kwenye samaki wenyewe. Mwenye msitari mwekundu au wa machungwa chini ya taya, kama aliyekatwa koo, ni mwenyeji wa asili. Mwenye utepe wa waridi ubavuni ni trauti wa upinde wa mvua. Mwenye madoa meusi na mekundu kwenye ngozi ya kahawia ya dhahabu ni trauti wa kahawia, aliyeletwa kutoka Ulaya. Mayai yake yalivuka bahari kwenda Marekani katika miaka ya 1880. Wawili wa kwanza hutaga majira ya kuchipua. Kwa hiyo wakati wa vuli hao ndio wa kuwavua kwa amani: wana njaa, wana nguvu, hawana mayai ya kulinda.

Wa kahawia hutaga mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Wiki chache kabla yake huwa mkali, anafukuza kila kinachopita, na wavuvi hutumia nzi wakubwa wanaofanana na samaki mdogo wakiwavuta kwa kasi. Hapo bado ni halali na ni furaha. Lakini akishahamia kwenye changarawe, muache.

Utajuaje? Tafuta maji ya futi moja au mbili kwenda chini, yanayotembea juu ya changarawe ndogo. Jike hulala ubavu na kupiga mkia mpaka anachimba shimo. Anataga, dume anarutubisha, kisha jike anasogea mbele kidogo na kuchimba tena, na changarawe inayofukuliwa inafunika mayai. Kinachobaki ni kiraka cha mviringo, cheupe kuliko sehemu nyingine, kwa sababu mawe yake yamegeuzwa na hayana ukungu wa kijani. Pengine utaona samaki wawili wakubwa juu yake mchana kweupe, wasiokimbia. Ni rahisi sana kuwakamata. Hakuna ufundi wowote hapo, na kila dakika jike anayovutwa na uzi wako ni nguvu inayotoka kwenye mayai. Baada ya wao kuondoka, mayai yanabaki humo chini ya changarawe kipupwe chote mpaka yaanguliwe, na hatua moja ya kiatu inaweza kuyasaga. Kwa hiyo kuanzia katikati ya mwezi wa kumi usitembee juu ya changarawe safi. Pita kwenye mawe makubwa au kwenye ukingo.

Yuko mwingine ambaye ni lazima umjue kwa jina lake la kule, bull trout. Huyu ni mwenyeji wa asili, mkubwa, na tangu mwisho wa miaka ya 1990 yuko chini ya ulinzi wa sheria ya nchi nzima. Hutaga mwezi wa tisa na wa kumi katika vijito vya juu vyenye maji baridi kabisa. Karibu mito yote ya Montana ni marufuku hata kumkusudia. Akikamata nzi wako kwa bahati, anaachiwa papo hapo. Alama yake: madoa mepesi, ya njano au waridi, kwenye mwili wa giza, na pezi la mgongoni halina weusi wowote. Ndugu yake mdogo aliyeletwa kutoka mashariki ya nchi, trauti wa vijito, ana mistari myeusi iliyojipinda kwenye pezi hilo. Pezi halina jeusi? Mrudishe bila kufikiri.

Kuhusu kumrudisha samaki, naelewa kwa nini kumekushangaza. Katika nyumba ambako sambaza wa elfu chache ndio nyama ya wiki, kumtupa samaki majini kunaonekana dharau kwa chakula. Lakini fikiria idadi. Mito ile ni myembamba, maji yake yana virutubisho vichache, samaki hukua polepole, na wavuvi ni maelfu. Kila mmoja akibeba wake, baada ya miaka michache mto unabaki mawe. Wavuvi wa Kivu wanalijua jambo hilo. Upande wa Rwanda hufunga uvuvi kwa muda fulani kila mwaka ili sambaza wazae. Kule badala ya kufunga ziwa wanafungua mkono.

Ila ukirudisha, rudisha samaki mzima. Bana kile kijino cha ndoano kwa koleo kabla ya kuanza, ndoano itoke bila kurarua. Usimchoshe mpaka alale ubavu. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, kwa sababu mkono mkavu unamwondolea ute unaomkinga na magonjwa. Mwache ndani ya maji, kwenye wavu mdogo. Picha iwe ya sekunde chache akiwa anatiririka maji. Kisha mshike taratibu akielekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Samaki anayerushwa mtoni kutoka ukingoni mara nyingi hufa baadaye mahali usipomwona.

Na kama dada yako anataka samaki wa kukaanga, hakuna aibu. Sheria inaruhusu kubeba baadhi, na kwa trauti wa vijito na samaki mweupe wa milimani huwa ni wakarimu zaidi. Huyo mweupe ni mwenyeji wa asili, wengi wanamdharau, lakini akikaushwa kwa moshi analika vizuri na ugali. Ulizia tu kama kuna onyo la afya kwenye sehemu hiyo ya mto, maana viwanda vya zamani viliacha sumu mahali pengine.

Salmoni sasa. Hapo Missoula kwenyewe hutaona salmoni wa baharini. Maporomoko ya chini ya mto hayakuwahi kuwapa njia. Inabidi uvuke milima kuingia jimbo la Idaho, na ukipata gari na nusu siku, nenda. Kuna ziwa linaitwa Redfish, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kivu letu liko mita 1,460 hivi. Salmoni wekundu wanaotoka Bahari ya Pasifiki wanasafiri kama kilomita 1,450 kulifikia, wakipanda Columbia, kisha Snake, kisha mto Salmon, na njiani kuna mabwawa 8 ya umeme. Mwaka 1991 waliwekwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Mwaka 1992 alifika mmoja tu, dume. Leo wanaendelezwa kwa msaada wa vituo vya kuzalisha, na bado ni wachache.

Wanajuaje njia? Kwa pua. Mwaka 1951 Arthur Hasler na Warren Wisby wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walionyesha kwamba samaki huweza kutofautisha vijito kwa harufu, na majaribio yaliyofuata yalithibitisha kwamba salmoni mchanga hukariri harufu ya kijito alichozaliwa kabla ya kwenda baharini. Akiingia maji baridi kurudi, anaacha kula. Utumbo wake unasinyaa, anaishi kwa mafuta aliyoyabeba, na salmoni wa Pasifiki akishataga anakufa. Mizoga yao inaacha kwenye vijito virutubisho vya bahari: dubu, tai, wadudu, mpaka miti ya ukingoni hupata. Kwa hiyo hao hatuwavui wakiwa kwenye changarawe zao. Tunakwenda kuwatazama, tukisimama mbali na maji, bila mbwa na bila kurusha mawe.

Ukitaka samaki wa baharini wa kumvua kwa nzi, yuko trauti wa upinde wa mvua anayekwenda baharini na kurudi; hufika mto Clearwater, ng'ambo ya njia ya milimani ya Lolo, kuanzia mwezi wa tisa. Idaho inataka leseni yake na kibali cha pekee, na unaruhusiwa kubeba wale tu waliokatwa pezi dogo la mafuta mgongoni, alama ya kwamba walizalishwa na watu. Mwaka wa kwanza nisingekushauri. Anza na vijito vidogo.

Maji ya vuli yanaua kimya. Hayachukui mtu kwa wimbi kama ziwa; yanamnyang'anya miguu. Vaa zile suruali za mpira zinazofika kifuani, na ufunge mkanda kiunoni ili maji yasiingie ukianguka. Beba fimbo ya kuegemea iwe mguu wako wa tatu, vuka kwa mshazari ukielekea maji yanakokwenda, usigeuke ghafla. Ukipita magoti na moyo ukakuambia rudi, rudi. Ukilowa, siku imekwisha: nguo kavu na gari. Dubu nao wanakula sana msimu huo kabla ya kulala. Tembeeni mkiongea, na mmoja wenu awe na kopo la dawa ya pilipili ya kumfukuza. Leseni ununue kabla ya kugusa maji. Bei ya mkazi hupatikana baada ya kuishi jimboni siku 180, kwa hiyo vuli hii utalipa kama mgeni. Chukua ya siku chache badala ya mwaka mzima.

Nimeacha swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lililonigusa. Kuwaleta trauti kwenye vijito vya Kahuzi kunawezekana. Waingereza waliwapeleka kwenye mto Gura, milima ya Aberdare nchini Kenya, mwaka 1905, na wazao wao bado wapo milimani kule. Baridi ya vijito vyetu vya juu ingewafaa. Na hilo ndilo linalonifanya niseme hapana kwa nguvu zangu zote.

Tazama Flathead, ziwa lililo kaskazini ya Missoula, si mbali na utakapokaa. Lilikuwa na salmoni wadogo wekundu wasiokwenda baharini, nao walikuwa wageni waliopandwa na watu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, kwa nia njema kabisa, wataalamu walipanda kamba wadogo sana katika maziwa ya juu ili wawe chakula cha salmoni hao. Kamba walishuka na maji mpaka Flathead, wakala vile viumbe vidogo vinavyoelea ambavyo salmoni walivitegemea, wakakaa chini kwenye giza mchana ambapo salmoni hawakuweza kuwala. Mwaka 1985 salmoni zaidi ya laki moja walipanda kijito cha McDonald kutaga. Kufikia mwisho wa muongo huo walikuwa wamekwisha karibu wote, na tai waliokusanyika kila vuli kuwala wakaacha kuja.

Nasi tuna kisa chetu. Sambaza si mwenyeji wa Kivu. Alitolewa Tanganyika mwaka 1959 akapandwa huku. Amelisha Idjwi, Kalehe, Bukavu na Goma, na siwezi kusema asingeletwa. Mama zetu wamesomesha watoto kwa sambaza. Lakini alikuta maji ya katikati ya ziwa bila samaki wa kula humo, na hata hivyo alimfuta kiumbe mmoja mdogo anayeelea majini, dafnia, aliyekuwa akila mwani wetu. Trauti katika kijito chembamba ni jambo lingine: ni mla nyama, anakula tunutu, vyura na samaki wadogo, na katika milima hii kuna vyura wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Hatujamaliza hata kuwajua. Kwenye hifadhi ya Kahuzi-Biega uvuvi wenyewe ni marufuku, na iwe hivyo.

Njia ya kuvua kwa nzi ndiyo ninayotaka uirudishe. Tilapia wa ziwa hula tunutu na hushika nzi mdogo mweusi anayezama polepole. Barbusi wa Ruzizi ni ndugu wa karibu wa samaki ambao Afrika Kusini wanavuliwa kwa nzi kila siku, wenye nguvu kuliko trauti wa ukubwa uleule, na napenda kuona vijana wa Bagira na Nguba wakiwatafuta hivyo. Ruzizi ni mpaka, basi uombe ruhusa kwanza, na ujiandae kwa plastiki. Zile chupa zinazoziba mitambo ya bwawa zitashika ndoano yako kabla ya samaki.

Siku ya kufunga sanduku kurudi, osha viatu vya mtoni kwa brashi, toa tope lote kwenye nyayo, vianike juani mpaka vikauke kabisa hadi ndani, suruali ya mpira nayo vilevile. Mito ya magharibi ya Marekani ina konokono mdogo kutoka New Zealand anayeishi kwenye unyevu wa kiatu siku nyingi, na ina vimelea vinavyopinda uti wa samaki wachanga. Ukiweza, viatu viache kwa dada yako, ulete ufito, mulineti ya kukunjia uzi na kisanduku cha nzi peke yake.